Posa Iliyofika kwa Projekta

Jamani, leo uso wangu nimeuacha Chumbageni. Atakayeuona aufunike tu na khanga, apite zake.

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa, maana Tanga habari haihitaji miguu. Ikitoka Chumbageni saa nne, saa nne na nusu iko Kigombe inakula pweza na watu. Bora muipate kwangu, angalau mimi nitaisema kwa huruma.

Kwanza niwaeleze ninachofanya siku hizi, kwa sababu nusu yenu mkisikia "vifurushi" mnadhani nauza bando. (Mama yangu hadi leo ananiomba cha wiki.) Mimi nafungasha programu. Linux, yaani mifumo ya kuendeshea kompyuta, ziko nyingi duniani kama vyama vya kuzikana: kila kundi lina yake, linakusanya programu za watu, linazifunga katika vifurushi, linazigawa bure. Kundi letu hapa lina Linux yake inaitwa Mkonge, ya Kiswahili, kwa ajili ya shule zenye kompyuta kuukuu. Mimi katika kundi hilo ni mfungashaji mwanafunzi. Hilo neno la pili huwa nalitamka haraka.

Kwa miezi mitano nimehangaika kufungasha fremuweki moja ya lugha ya kompyuta iitwayo Java, ya kutengenezea tovuti. Fremuweki ni kama nyumba ambayo wenzako wameshasimamisha nguzo na paa. Wewe kazi yako kupiga plasta, kupaka rangi, na kutangaza kwamba umejenga. Kituo chetu cha elimu ya watu wazima pale Chumbageni kinaihitaji kwa ajili ya mfumo wa kuandikisha wanafunzi. Ndicho kituo nilichosomea mimi mwenyewe masomo ya jioni mpaka nikahitimu, nikiwa mtu mzima na kitambi changu, wa kwanza darasani. (Tulikuwa tisa. Wawili walihama.)

Sasa kufungasha Java si kufungasha maandazi. Kifurushi kimoja kinataka vingine arobaini, na kila kimoja katika hivyo arobaini kina shangazi zake. Ukimwita huyu anasema bila fulani siji. Ukimfuata fulani, naye anasema bila mama mkwe hatoki ndani. Kuna usiku nilidhani naozesha, sifungashi. Halafu sheria ya Mkonge ni kali: kila faili lililomo ndani ya kifurushi lijulikane limetoka wapi, ni la nani, na humo limefuata nini. Ni kama kufunga tenga la machungwa ya Muheza la kwenda mbali. Likionekana jani moja, tenga zima linarudishwa.

Anayerudisha matenga kwetu ni mkaguzi, na mkaguzi wetu ni Zaituni, mwalimu wa kompyuta pale kituoni. Amenirudishia kifurushi changu mara tano. Mara moja alinirudishia kwa sababu ya picha ndogo ya kikombe ambayo hakuna aliyejua nani aliichora. Nikamwambia kikombe ni kikombe. Akanijibu kwamba kikombe cha mtu ni cha mtu. Mara zote tano alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloudhi.

Sasa shikeni hapa. Zaituni huyohuyo ndiye ninayetaka kumwoa.

Sisi wawili tumeshakubaliana siku nyingi. Waliobaki ni wazee. Baba yake ni Mzee Mhando, fundi mitambo mstaafu wa shamba la mkonge, sasa mwenyekiti wa kamati ya kituo, na mtu wa utaratibu mpaka kikohozi chake kina zamu. Kwake yeye posa ni posa: barua, mshenga, kanzu, hodi. Mshenga wangu ni mjomba Kombo wa Kigombe, na alipangiwa kuipeleka barua kesho Jumapili baada ya alasiri.

Barua za posa mnazijua. Huandikwa kwa sauti ya wazee wa kijana: kijana wetu hivi, kijana wetu vile. Kijana mwenyewe hapaswi kuonekana hata kisigino. Lakini mjomba Kombo akishika kalamu mkono unacheza kama ameshika mkunga wa baharini aliye hai, kwa hiyo akanituma niandike rasimu mwenyewe, yeye ataipitia na kumpa mtu mwenye hati nzuri ainakili. Nikaandika. Jamani, nilijisifu. Nilijisifu mpaka nikaanza kumwonea wivu huyo kijana wao. Na kwa kuwa ilikuwa rasimu, nikatia na maelekezo ya kumsaidia mjomba, kwenye mabano, kama haya.

Ndani ya barua kulikuwa na sentensi moja iliyonikosesha raha. Niliandika kwamba kijana wetu ni mfungashaji rasmi. Kumbe rasmi ningekuwa leo tu, Jumamosi, kama kamati ingekiona kifurushi changu kinafanya kazi na mkaguzi akakipitisha. Kikikataliwa, mjomba Kombo angesimama kesho mbele ya Mzee Mhando, mtu anayejua kila kitu kinachotokea kituoni, na kumsomea uongo usoni. Mzee Mhando hasamehi uongo. Kuna fundi aliyemdanganya kuhusu boliti akiwa bado shambani, hawajasalimiana hadi leo. Kwa hiyo haraka yangu ieleweni.

Basi Jumatano nilikuwa naujaribu ukurasa wa mfano. Fremuweki hii ukishaiweka kwenye kompyuta inajiwasha yenyewe, inafungua ukurasa mmoja wa kukukaribisha ili ujue iko hai. Nilitaka kuhakikisha maandishi marefu ya Kiswahili yanakaa vizuri humo, hayakatwi pembeni. Nikahitaji maandishi marefu ya Kiswahili. Na tangu nimalize masomo ya jioni, nimeandika kitu kirefu kimoja tu.

(Mmeshaelewa. Mimi sikuelewa.)

Nikaibandika barua. Ilikaa vizuri ajabu, kama imezaliwa humo. Nikafurahi, nikaiacha kwenye folda ya majaribio, na folda safi ikabaki kando yake, zimelala jirani kama mapacha.

Leo asubuhi Zaituni akaniandikia. Kifurushi kinakaribia kupita, ila maelezo mafupi yana sifa nyingi mno. Niandike kinachofanya, nisiandike kinavyopendeza. Saa nne kinawekwa mbele ya kamati. Kweli nilikuwa nimeandika kwamba ni fremuweki bora kuliko zote kuanzia hapa mpaka Kongo. Nikafuta. Nikafungasha upya mbio mbio, chai mkono huu, kitumbua mdomoni, nikakituma kituoni bila kukitazama mara mbili.

Nilikifungasha kutoka folda ya majaribio.

Nikavaa shati jeupe, jipya, nimelipiga pasi mpaka kola ingeweza kukata mkate. Nikafika kituoni kabla ya wakati. Ukumbi umejaa watu kama elfu hivi. (Haya, thelathini. Lakini walikuwa na macho ya elfu.) Kompyuta kumi na nne zimepangwa pembeni, projekta katikati inamulika ukutani, na mstari wa mbele wamekaa wanakamati. Nikaenda kuwapa shikamoo mmoja mmoja. Mzee Mhando akaniitikia marahaba ya kawaida, ya mtu asiyejua kitu. Kando yake amekaa rafiki yake wa siku zote, Mzee Kihiyo, ambaye kazi yake katika kamati ni kuafiki. Hao wawili hucheza bao kila siku kwenye kibaraza cha kituo, na mimi tangu mwaka huu uanze nimekuwa nikijisogeza pale, ili mzee anizoee.

Zaituni yuko kwenye kompyuta yake, uso wa kazi kabisa. Hakunitazama. Tulikubaliana tusitazamane mpaka barua ifike.

Nikasimama mbele, mgongo kwa ukuta, nikaanza hotuba. Nilizungumza vizuri, sisemi kwa kujisifu, waulizeni. Nikawaeleza habari ya nyumba yenye nguzo na paa. Mzee Kihiyo akainua mkono akauliza kama nyumba hiyo ina choo. Nikamwambia choo ni juu ya mwenye nyumba. Akaafiki.

Kisha nikamwomba mkaguzi akiweke kifurushi. Zaituni ameandika amri yake moja inayokiweka kwenye kompyuta zote kwa mpigo, na ile ya projekta ikiwemo. Akabonyeza. Mimi nikaendelea kuongea huku nikiwaangalia watu, kwa sababu walimu wetu wa jioni walitufundisha kwamba msemaji mzuri hageuki kutazama ubao.

Ukumbi ukanyamaza.

Nikasema moyoni, hao wamevutiwa. Nikajaza kifua. Nikawaambia, na haya ni maneno yangu halisi, Mungu anisamehe: "Wazee wangu, mnachokiona hapo ni kazi ya mikono yangu. Hakuna neno hata moja ambalo sikulipitia mwenyewe."

Mwanamama mmoja wa darasa la kusoma na kuandika akajifunika mdomo na mtandio. Mzee Kihiyo akavaa miwani. Yeye husoma kwa sauti, ndivyo alivyofundishwa, na husoma polepole.

"Kwa Mzee Mhando na jamaa wote," akasoma. Akamgeukia mwenzake. "Yakhe, ni wewe hapo."

Nikageuka.

Nilikuwa nimeweka herufi kubwa, za kusomeka. Nilikuwa nimechagua na rangi. Barua yangu ya posa imekaa ukutani upana wa ukumbi, na pembeni, kwenye kompyuta kumi na nne, barua kumi na nne ndogo, kama mama na vifaranga.

Nikairukia projekta. Wazo langu lilikuwa kuuzuia mwanga kwa mwili, na kweli niliuzuia. Ila ukuta wa kituo ni wa kijani kilichofubaa, na mimi nimevaa shati jeupe jipya. Barua ikahamia kifuani kwangu, ikasomeka vizuri kuliko mwanzo. Kutoka nyuma ya ukumbi mtu akashukuru, akasema sasa anaona.

Mzee Kihiyo akaendelea kunisoma. "Kijana wetu Mbwana ni mpole, mtulivu, hana makuu." Akatua. Alikuwa amefika kwenye mabano, na hakujua kwamba mabano hayasomwi. "Mjomba hapa ukisoma inamisha kichwa kidogo, kama unaona haya." Akainamisha kichwa kidogo. Akaendelea. "Ni msomi. Usiseme wa jioni, sema msomi tu. Ni mfungashaji rasmi anayetambulika hadi ng'ambo. Hili litakuwa kweli Jumamosi, saa sita hivi."

Darasa zima la jioni lilikuwepo. Darasa zima la jioni likanitazama.

Zaituni alikuwa ameinuka, ameshika kipanya, anahangaika kuufunga ukurasa. Alifunga wa kwake, akakimbilia kompyuta ya projekta. Ukabaki wa projekta na wale vifaranga. Hapo ndipo baba yake aliponyoosha kidole bila kuinua sauti.

"Acha. Shusha."

Akashusha. Barua ikapanda kifuani kwangu, maneno mapya yakatokea tumboni.

"Shusha tena."

Mimi nilijua kilichokuwa kinakuja chini huko. Nilijaribu kujikunja. Ndugu zangu, mtu hawezi kukunja tumbo la kwake mbele ya wakwe. Na yale ya chini Mzee Kihiyo hakuyasoma peke yake, ukumbi mzima ulisoma naye kama sala:

"Mjomba, kuhusu baba yake usihofu. Yule nimeshamlainisha. Nimemwachia anifunge bao mara sita makusudi, sasa ananiona mwanawe wa kumzaa."

Zaituni akafumba macho. Projekta ikaendelea kuunguruma, maana yenyewe haina wakwe.

Mzee Mhando alivua miwani, akaifuta, akairudisha, akanisoma tumbo upya. Kisha akasimama. Alipoanza kusema alisema na ukumbi, hakusema na mimi.

"Barua ya posa huletwa na mtu. Mtu mzima, kavaa kanzu, apiga hodi, akaribishwa, akae, anywe maji. Haiji na umeme. Kwa hiyo mimi hapa sijaona posa yoyote, na ninyi hamjaona."

Watu wakaitika kwamba hawajaona. Mzee Kihiyo akaafiki. Jamani, nilitaka kulia kwa furaha. Nikaona nimeokoka, mzee amenifunika, utaratibu una faida zake.

"Lakini la bao," akasema, "nimeliona."

Nataka mjue ukweli, na huu ni ukweli wa kiapo. Sikumwachia Mzee Mhando hata kete moja. Zile mara sita nilifungwa kwa haki, nikitoka jasho, nikihesabu kwa vidole chini ya kibao. Mara ya nne nilifungwa mkononi, yaani kabla hata hatujamaliza kuziingiza kete tulizoshika. Lakini mtu anamwandikiaje mjomba wake kwamba amefungwa mara sita na mzee anayesinzia katikati ya mchezo? Nikaandika kwamba namwachia. Lilikuwa neno dogo tu, la kujiponya.

Sasa tazameni mtego. Nikamwendea mzee, nikamwambia kwa unyenyekevu wote kwamba ile ni chumvi, kwamba mimi nilifungwa kweli, sina ninachokijua kwenye bao. Mzee Kihiyo akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Waona?" akamwambia mwenzake. "Sasa akuachia hata kwa mdomo."

Mzee Mhando akauliza nani ana ufunguo wa stoo. Bao likaletwa kibarazani. Kamati yote ikatoka, darasa likatoka, kifurushi changu cha miezi mitano kikabaki ukumbini kinavikaribisha viti. Nikaambiwa nikae. Nicheze mkono wangu wa kweli, mzee akasema. Nikimwachia, mshenga wangu asipoteze nauli, kwa sababu yeye hawezi kumpa binti mtu anayemchezea kama mtoto.

Kwa hiyo ikawa hivi: nikimshinda, nimemfedhehesha baba mkwe mbele ya watu. Nikifungwa, ataona namwachia. Nikaamua kucheza kufa na kupona, nitakachopata nitakipokea. Nilicheza kuliko nilivyowahi kucheza maishani. Nilifikiri mpaka masikio yakapata moto. Nikanyang'anywa kete zote za nyumba yangu, lile shimo langu kuu, kwa pigo moja.

"Bado waniachia," mzee akasema.

Tukarudia. Nikafungwa haraka zaidi.

"Bado."

Mara ya tatu nilifungwa hata sijakaa vizuri. Mzee Mhando hakuonekana mshindi. Alionekana mtu anayekumbuka. Nikamwona anawatazama wale wazee waliosimama pale, anawahesabu, mmoja mmoja: na huyu je? Na huyu? Labda miaka yote hii kibaraza kizima kilikuwa kinamwachia. Hapo kucheka kuliniisha. Nilitaka kupunguza aibu yangu kwa mjomba, na nimeichukua furaha ya mzee ya kila siku nikaitia doa, mbele ya watu, kwa herufi kubwa.

Nikamwambia hivyo. Nikamwambia, "Mzee, mimi ni mwongo wa kuandika. Mkononi sina uongo, sina hata ujuzi." Mzee akaanza kukusanya kete.

Zaituni ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, uso uleule anaonirudishia nao vifurushi.

"Baba, hivi hatuwezi kujua. Sisi programu hatuijaribu kwenye mashine ya aliyeitengeneza, ile ina sababu ya kumpendeza. Tunaijaribu kwenye mashine isiyohusika. Mwambie acheze na Mzee Kihiyo."

"Kwa nini Kihiyo?"

"Hana binti."

Watu wakacheka, lakini Mzee Mhando hakucheka, alifikiri. Maana ndugu zangu, Mzee Kihiyo ni rafiki mwema, ila katika bao ni kama mtu anayepanda mbegu. Anaweka kete anaona raha, basi. Pale kibarazani hakuna binadamu aliyewahi kufungwa naye. Watu humwita acheze wakiwa wamefiwa, wapate kujiliwaza. Nami mbele yake sikuwa na sababu yoyote duniani ya kushindwa. Kinyume chake: nikimfunga, jina langu linasimama, walau kidogo.

Nikakaa. Nikavuta pumzi. Nikajiambia, Mbwana, huyu ni wako.

Mwanzo niliongoza. Nawaapia niliongoza! Kisha Mzee Kihiyo akachota kete kwenye shimo ambalo hata yeye hakulikusudia, akazunguka, akala, akazunguka, akala tena, anaomba radhi kila anapokula. Aliponimalizia kete za mstari wa mbele hakutambua kwamba ameshinda. Alikuwa bado ananingoja nicheze. Wenzake ndio waliomwambia.

Akanitazama kwa mashaka. "Wewe, hukuniachia?"

Nadhani mdomo wangu ulikuwa wazi. Nilikuwa nimeshika kete moja na sijui pa kuiweka, na machozi, jamani, yalinilengalenga, ya kweli.

Zaituni akainama akanitazama usoni kama anavyotazama faili lisilo na mwenyewe. Kisha akainuka.

"Baba, hakuachii," akasema. "Hajui kabisa."

Mnajua, nimesifiwa mara nyingi maishani, nyingi kati ya hizo na mimi mwenyewe. Sijapata neno lililonifaa kama hilo. Mzee Mhando alianza kutetemeka mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akacheka akamkumbatia Mzee Kihiyo, ambaye naye alikuwa amesimama katikati ya kibaraza anapokea pongezi kama bwana harusi. Watu wakampeleka kunywa kahawa. Wakamsindikiza na vigelegele. Mimi nikabaki na bao.

Kabla hajaondoka, Mzee Mhando akanigeukia. Akasema mjomba wangu aje kesho baada ya alasiri kama kawaida, apige hodi kama mtu. Barua iandikwe upya, sifa zipunguzwe, na hayo mabano yasiwemo. Nikamshukuru mpaka goti likagusa chini.

Nikampigia mjomba Kombo kumpa habari. Alikuwa ameshazijua. Aliuliza tu kama ni kweli nimefungwa na Kihiyo, au watu wananizulia.

Nikarudi ukumbini. Zaituni alikuwa anazima kompyuta moja moja. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, sasa kwa kuwa baba ameridhika, na kwa kuwa fremuweki yenyewe ilijiwasha vizuri kote, je, kifurushi kimepita?

Hakuinua hata kichwa. Alisema kina faili ambalo hakuna aliyelitaja, mwandishi wake ametia chumvi, na kimekataliwa. Mara ya sita. Nirekebishe, nilete upya Jumatano. (Alitabasamu kidogo. Nadhani. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimeshazimika, sina ushahidi.)

Kwa hiyo usiku huu naandika barua mpya. Mpaka sasa ina mistari mitatu: jina langu, jina la mama yangu, na kwamba najua kusoma. Mahali pa kazi nimeandika mfungashaji mwanafunzi, na nimelitamka polepole.

Mnaotaka kucheka sitawazuia. Naomba tu acheke yule ambaye naye amewahi kufungwa bao na Mzee Kihiyo. Nimeulizia Chumbageni nzima. Niko peke yangu.